Vile Mheshimiwa Alisema La

Sitasema alizaliwa wapi wala ukoo wake ni gani. Hayo yatasomwa siku ya mazishi yake na mtu amevaa suti, na yeye bado anaishi, juzi tu nimeongea naye. Mimi nataka kuandika kitu moja: vile alikuwa anapiga kura kule Bungeni. Si vile sisi tulimpigia. Vile yeye alipiga. Miaka yote hapa Saboti watu waliuliza barabara, wakauliza stima, wakauliza kazi ya watoto wao. Hiyo ya kura yake hakuna mtu aliuliza vizuri, na mimi inanikuna mpaka leo.

Tulimwita Mheshimiwa. Hata bibi yake alimwita hivyo, akiwa amemkasirikia ama akiwa anamwekea chakula. Boma yake na yetu zilitenganishwa na ua wa kayaba, ile miti ya miiba, na miiba haizuii maneno. Kwa hivyo nimemjua kwa masikio kuliko kwa macho.

Na masikio yalitosha, kwa sababu huyo mtu alikuwa na sauti. Kwa mazishi hakutaka kipaza sauti, alikuwa anakisukuma kando kama mtu anafukuza kuku. Akiita mchungaji wake wa ng'ombe kutoka kwa geti, wanawake wako mtoni wanageuka. Siku moja alipiga chafya kanisani katikati ya maombi, mhubiri akasahau alikuwa anaombea nani. Kukhu, ndiye nyanya yangu mzaa baba, alisema ati siku Mungu alikuwa anagawa sauti, Mheshimiwa alipanga laini mara mbili. Mwenyewe alipenda kutuambia, "Sauti hii si yangu, ni yenu. Mimi nimebeba tu." Watu wanapiga makofi. Mimi pia nilipiga, nikiwa mdogo.

Miswada ilikuwa inamfuata nyumbani kwa bahasha kubwa ya kaki, na hakujua kusoma kimya. Alikaa kwa veranda na gambuti zake, viatu vya mpira mpaka magoti, miwani imefungwa nyuma na raba ya tyubu ya baiskeli, chai bila sukari kando yake kwa sababu alisema sukari ni ya wageni. Anasoma Kiingereza kwa sauti. Akifika kwa neno ngumu anairudia, anairudia, kama mtu anapiga msumari kwa mti mbichi. Sisi upande wetu tunapukuchua mahindi, mimi namtafsiria mama. Nafikiri sisi ndio watu pekee Kenya nzima walisomewa sheria kupitia kwa miiba.

Mama alikuwa anauza mahindi. Ananunua hapa kwetu Saboti, gunia mbili huku, gunia tatu kule, halafu anapeleka Malakisi. Kule watu wamepanda tumbaku mpaka kwa mlango wa jikoni, na tumbaku hailiwi. Dada ya baba, tunamwita Senge, ndiye alikuwa anampokea huko Malakisi na kumtafutia wanunuzi. Ada yangu ya shule ilitoka hapo. Blanketi zilitoka hapo. Lakini siku hizo kutoa mahindi wilaya moja kupeleka nyingine ilikuwa na kibali, na kibali ilikuwa na watu wake. Wanawake kama mama walikuwa wanapita tu, wakishikwa wanalia kidogo, wanaachiliwa.

Sasa siku moja, likizo ya Aprili, Mheshimiwa anasoma mswada kwa veranda na mimi nikasimamisha mikono. Ilikuwa inasema ukipatikana na mahindi bila kibali, si kulia tena. Mahindi inachukuliwa, lori inachukuliwa, na wewe unaenda ndani.

"Nini?" mama akauliza. "Mbona umenyamaza?"

Nikamwambia. Mama akaweka chini gunzi alikuwa nalo. Kabla aseme kitu, ile sauti ikatoka ng'ambo ya ua:

"Mama Nekesa! Umesikia hii maneno?"

"Nimesikia, Mheshimiwa. Tutakula nini?"

"Hii ni mbaya. Hii itaumiza akina mama. Hii mimi nitasema La!"

"Utasema kweli?"

"Si umenisikia? Mpaka Malakisi wamenisikia, bana."

Mama akacheka, akaokota gunzi lake. Nekesa ndiye mimi. Sikucheka, lakini niliamini.

Lazima niseme pia mazuri yake, ama mtu atafikiri ninamchukia. Ukimpelekea kuku anakurudishia, tena anakutuma nyumbani nayo ukiwa umeibeba mbele ya watu, aibu ni yako. Kwa dispensari alipanga laini nyuma ya akina mama na watoto wao, muuguzi akimwita mbele anasema, "Mimi si mgonjwa zaidi." Asubuhi kwa geti yake kulikuwa na watu kila siku: mmoja kijana wake ameshikwa, mwingine ng'ombe zimeshikwa, mwingine karo. Alikuwa anasikiliza wote akiwa amesimama, halafu anasema neno lake, lile lile: "Ngoja kwanza. Kuna njia." Na kweli anaingia kwa gari, anaenda kwa D.O., mkubwa wa serikali hapa kwetu, anarudi na njia. Sijaona mtu hodari wa kutafuta njia kama huyo. Ndio maana ninataka kuelewa.

Kulikuwa na desturi huku kwetu ambayo sijasikia mahali pengine. Mheshimiwa akirudi kutoka Nairobi, baraza inakaa kwa uwanja wa shule, na kabla aanze kuongea juu ya maji na madawati, kina kukhu wanapiga kelele, "Tusikie kwanza!" Hapo mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wa katekisimu anasimama, anajifanya Spika, anavuta kofia mpaka macho. Anataja mswada, anauliza, "Wanaokubali?" Na Mheshimiwa akiwa juu ya trela ya trekta anatoa sauti vile alitoa kule: "Ndiyooo!" Ng'ombe zinainua vichwa. Watoto wanarudia. Ilikuwa kama sinema yetu. Kila mara ilikuwa Ndiyo, Ndiyo, Ndiyo, na hakuna mtu aliona ajabu, kwa sababu sisi tulipenda ile sauti, hatukuwa tunasikiliza neno.

Muhula uliofuata, mwalimu wa historia alitupeleka Nairobi kwa basi ya shule tuone Bunge. Nilikuwa kidato cha tatu. Hakuna mtu alipanga, lakini siku tuliketi pale juu mahali pa wageni, chini yetu walikuwa kwa ule mswada wa mahindi. Nilimwona Mheshimiwa kwa kiti cha nyuma nyuma, amevaa suti, hana gambuti, nikasikia raha mpaka nikamfinya mwenzangu. "Yule ni wetu," nikamwambia. "Ngoja umsikie. Hii paa itatoka."

Mimi nilikuwa nafikiri kila mbunge anaitwa jina, anasimama, anajibu. Wapi! Spika anauliza, wote wanajibu pamoja kama watoto wa darasa la kwanza. Spika anapima na masikio yake, anasema upande huu umeshinda, basi, imekuwa sheria. Hakuna jina. Kama wanataka kuhesabiwa mmoja mmoja, lazima wengi wasimame waitishe. Hapo kengele inalia, milango inafungwa, kila mtu anapita upande wake akionekana. Mwalimu alikuwa ametueleza hivyo. Siku hiyo hakuna hata mmoja alisimama.

Spika akauliza wanaokubali. Ikapigwa Ndiyo moja kubwa kutoka kila pembe. Sauti ya Mheshimiwa haikuwa ndani. Ile sauti mimi ningeijua hata kwa mvua ya mawe. Nikashika chuma cha mbele, nikasema sawa, amengoja, sasa inakuja.

Spika akauliza wanaopinga.

Zilitoka sauti mbili ama tatu, nyembamba, za watu wengine. Mheshimiwa alikuwa anaangalia magoti yake. Midomo ilitingika kidogo, kama mtu anapoesha chai. Halafu Spika akasema waliokubali wameshinda, na mtu mwingine akaanza kuongea juu ya kitu kingine.

"Ni yupi?" mwenzangu akaniuliza. "Mbona sijasikia?"

Baadaye alikuja kutusalimia nje, akatununulia soda wote, basi nzima. "Mmeona vile tunafanya kazi?" akasema kwa ile sauti yake, askari wa geti akaruka. Wenzangu walimpenda. Mimi soda yangu ilinishinda.

Niliporudi likizo nilikuta baraza. Kukhu na wenzake wakaanza, "Tusikie! Tusikie ya mahindi!" Mzee wa katekisimu akavuta kofia. "Wanaokubali?" Mheshimiwa akafunga mdomo, akatikisa kichwa, watu wakaanza kufurahi. "Wanaopinga?"

"LAAA!"

Mwangwi ulirudi kutoka mlimani. Wanawake wakapiga vigelegele, wakarusha leso. Mswada ilikuwa imepita, kila mtu alijua imepita, lakini wetu alikataa, si mmesikia? Nikamwangalia mama. Alikuwa anapiga makofi, macho yana maji.

Nilimwambia tukiwa jikoni, nikikoroga ugali.

"Mama, hakusema. Nilikuwa huko."

"Hakusema nini?"

"La. Alinyamaza. Nilimwona na macho yangu."

"Ulikuwa mbali."

"Mama, huyo mtu akiwa hapo kwake anaita ng'ombe, wewe unasikia ukiwa mtoni!"

Akachukua mwiko kwa mkono wangu, akaendelea kukoroga mwenyewe. "Usiseme hiyo maneno nje ya hii nyumba. Sheria imeshakuja, Nekesa. Sasa tutahitaji mtu."

Na kweli tulihitaji. Haikukaa, mahindi ya mama ikashikwa kwa kizuizi cha polisi kabla ya kuvuka kuingia Bungoma, wilaya ya Malakisi. Mwenye lori alitoroka na miguu. Mama akawekwa ndani, magunia yakatupwa kwa uwanja wa D.O., mvua ikianza. Senge akatuma mtu kutoka Malakisi kuuliza mbona mahindi haifiki, watu wamekuja na debe zao. Mimi nikakimbia kwa geti ya nani? Kwa geti yake. Hakukuwa na geti nyingine.

Hakuuliza kitu. Alivaa gambuti na kabuti, akanibeba kwa gari mpaka huko. Alisimama kwa matope kutoka asubuhi mpaka mchana umegeuka. D.O. akisema aingie ofisini akae, anakataa. "Mimi nitakaa mama huyu akikaa." Akamtania koplo mpaka koplo akacheka: "Kijana, umeshika chakula ya watu wa tumbaku. Unataka wavute tumbaku badala ya ugali?" Mama akatoka. Magunia yakatoka, mengine yakiwa yamelowa maji. Na Mheshimiwa mwenyewe alishika gunia upande mmoja, dereva wake upande mwingine, wakapakia. Suruali yake ilikuwa matope mpaka kwa mapaja.

Kwa gari nilikuwa nyuma na mama. Nikamwambia polepole, "Unaona?"

"Naona nini? Huyu mtu amesimama kwa matope kwa ajili yangu. Wewe ulisimama wapi?"

"Hayo matope ni yeye alituletea."

Mama akanipiga kofi. Mkubwa hivyo, kidato cha nne. Mheshimiwa aliangalia kwa kioo, akasema, "Mama Nekesa, wacha mtoto, amechoka."

Tangu hapo ilikuwa hivyo. Wanawake wa mahindi wakajaa kwa geti yake kila asubuhi, na yeye, "Ngoja kwanza, kuna njia." Nilikuwa nawaangalia kupitia ua na moyo unawaka. Zamani walikuwa wanalia mbele ya polisi kidogo wanaenda zao. Sasa hawangeweza kupita kizuizi bila yeye. Hata yeye hakuwa na raha, niseme ukweli. Alikuwa anakonda. Bibi yake alilalamika ati anakula akiwa amesimama. Lakini watu hawakuwahi kumpenda kama miaka hiyo.

Halafu ikaja ile kura ya mlolongo, unasimama nyuma ya picha ya mtu unayemtaka, kwa uwanja, kwa jua, chifu anapita akiangalia nyuso. Nilikuwa nimepata kitambulisho. Picha ya Mheshimiwa ilishikwa na mzee wa katekisimu, na nyuma yake laini ilizunguka choo cha shule mara mbili. Mama alikuwa mbele mbele. Picha ya pili ilikuwa ya mwalimu mmoja mstaafu, na nyuma yake kulikuwa na watu kama familia moja imekuja kupiga picha. Nikaenda hapo.

"Nekesa!" Kukhu akaita kwa laini ingine. "Umepotea, laini ni huku!"

"Sijapotea, Kukhu."

Watu wakacheka, halafu wakaacha kucheka. Mama hakugeuka kabisa. Mheshimiwa alipita akisalimia laini yake, akaja mpaka yetu, akanipa mkono. "Habari ya masomo?" Nikasema nzuri, sikutoka kwa laini. Mimi sikuwa na cheo, sina gari, nimesimama pale kila mtu ananiona mpaka vidole vya miguu. Yeye tulimpa kiti, tukampa mshahara, tukampa mahali hata jina haliandikwi, na bado ilimshinda neno la herufi mbili.

Nilidhani mama atalipa kwa sababu yangu. Mwezi haukuisha magunia yakashikwa tena. Mheshimiwa akavaa gambuti, akaenda, akayatoa. Hakusema neno juu ya mlolongo. Angekataa, ningemchukia tu nimalizane naye kwa kichwa changu. Hakukataa.

Basi miaka ikaenda. Vyama vingi vikaja, kura ya siri ikarudi, Mheshimiwa akaanguka. Ile sheria ya mahindi ikafa pia, sijui wakati gani hasa, hakuna mtu alituitia baraza. Siku moja tu mama alipita kizuizi na polisi akamuuliza kama ana sigara. Siku hizi anaenda Malakisi amelala juu ya magunia. Mimi ninafanya kazi kwa duka la mbegu Kitale, na juzi nilipeleka mahindi kusagwa kwa mashine ya posho pale karibu na Kipsongo.

Alikuwa kwa laini mbele yangu. Kabuti ile, miwani ile na raba mpya, debe ya mahindi kwa miguu.

"Nekesa!" Laini nzima iligeuka. "Ni wewe?"

"Ni mimi, Mheshimiwa. Habari ya nyumbani?"

"Wacha Mheshimiwa. Mimi ni mzee wa debe siku hizi. Mama je? Bado Malakisi?"

"Bado. Hawamsimamishi tena."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna."

Akatikisa kichwa pole pole, akitabasamu. "Basi hanihitaji. Kwa geti yangu nyasi imeota, unajua? Mbuzi ya jirani ndiyo inakuja asubuhi."

Nilitaka kucheka na sikuweza. Nikasema, kabla niogope, "Nilikuwa Bungeni siku ya mahindi."

"Najua. Si niliwanunulia soda?"

"Nilikuwa pale juu. Nilikuwa nakungoja."

Akatoa miwani, akaipanguza na kabuti, ikachafuka zaidi. "Na ulisikia nini?"

"Sikusikia."

"Nilisema La," akajibu. Sauti ilikuwa imeshuka, sijawahi kumsikia hivyo. "Kulikuwa na mwenzangu, alikuwa anakaa mbele yangu. Mswada mwingine kabla ya huo, alisema La akasikika. Chama ikamtoa. Hata kwa mazishi ya kwao alikatazwa kuongea. Sasa mimi ningetolewa, mama yako angetolewa ndani na nani?"

"Ungesikika, labda hangeingia ndani."

"Na La yangu moja?"

"Hatujui. Si haikusikika?"

Akaniangalia. "Nilisema, Nekesa. Nilisema hivi." Na midomo yake ikatingika, pumzi kidogo ikatoka, kama mtu anapoesha chai. Ilikuwa ni ile. Ile ile niliona. Miaka hiyo yote nimekuwa nikimwita mwongo kwa roho yangu, na hata hiyo akaninyang'anya.

Nikasimama wima pale kwa laini, nikavuta kitambaa cha kichwa mpaka macho, vile mzee wa katekisimu alikuwa anafanya na kofia. "Wanaopinga?" nikasema kwa nguvu.

Mama mmoja na mtoto mgongoni akageuka. Kijana wa baiskeli akatoa mguu kwa pedali. Mheshimiwa akawaangalia mmoja mmoja, akaangalia magoti yake. Mwenye mashine alikuwa ameinama ndani anazungusha mkono wa injini. Ikakohoa, ikazima. Akazungusha tena. Mheshimiwa alikuwa anaiangalia ile injini kwa pembe ya jicho. Anangoja.

Ikashika. Mabati yakaanza kutetemeka, unga ukapanda, yule mama akafunika masikio ya mtoto. Hapo ndipo Mheshimiwa aliinua kichwa na kufungua mdomo wote. Mishipa ya shingo ikasimama kama kamba. Macho yakatoka maji. Niliona ulimi, niliona meno yamebaki ngapi, niliona kabuti ikipanda na kushuka kifuani. Alikaa nayo, alikaa nayo mpaka pumzi ikaisha.

Halafu akanigeukia, midomo ikauliza, "Umesikia?"

Nikatikisa kichwa, hapana. Laini ilikuwa imesonga. Nikashika debe yake upande mmoja, tukainua.